Mistari ya Njano Zizini

Jumapili, 8 Juni
Nimechota maji, nimechambua pamba ya jana, nimemtilia baba matone ya macho. Hayasaidii. Daktari wa mjini alishasema presha ya macho imeua mshipa wa kuonea, na uliokufa haufufuki. Tunaojua ni sisi tu, baba na mimi. Dada yangu Minza hajui, na ndiye anayeolewa. Baba mdogo Masanja ndiye hatakiwi kujua kabisa. Siku akijua, mifugo itahamia kwake, na baba atakuwa mgeni ndani ya boma lake.

Wakwe wanaleta ng'ombe wa mahari Jumamosi ya tarehe 21, kutoka Maswa. Baba ndiye wa kuwakagua. Mbele ya watu wote.

Jumatano, 11 Juni
Nimepata programu. Chuoni tuliiita uhalisia ulioongezwa, jina kubwa kwa jambo dogo. Unaelekeza kamera, kioo kinaonyesha kilicho mbele yako, halafu simu inachora juu yake mistari minene ya njano kuzunguka umbo, na jina la kitu kwa herufi kubwa. Imetengenezwa kwa watu kama baba, waliobakiwa na mwanga kidogo tu.

Baba akaiinua simu usoni. Akageuka polepole. Mlango. Kinu. Mbuzi. Akacheka.

"Mayu," akasema, mama, ndivyo anavyoniita, "kumbe huyu mbuzi bado ana masikio!"

Kicheko hicho sijakisikia tangu masika. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Nampenda baba mpaka naumia.

Jumatatu, 16 Juni
Mazoezi. Asubuhi tu, Masanja akiwa shambani. Baba anatambua ng'ombe mwembamba, anatambua anayechechemea. Anashika simu chini ya ukingo wa kofia kama anayesoma ujumbe.

Anasema lazima wakwe watatia mmoja mwenye kasoro. Ndivyo wanavyofanya huku, makusudi. Mwenye binti humkataa kwa utani, watu wanacheka, anatolewa mzima aliyefichwa nyuma. Asiyemkataa, ama ni mjinga ama haoni. Tukarudia miguu. Tukarudia mbavu. Kwato pia.

Nina furaha inayonitisha.

Alhamisi, 19 Juni
Jua kali. Simu ilipata moto, kioo kikafifia. Nimeifunika kwa kitambaa chenye maji. Sikumwambia baba.

Jumamosi, 21 Juni
Niandike yote, nisije kesho nikajidanganya.

Walifika kabla ya saa nne. Zizi likajaa vumbi. Mimi nje ya uzio na wanawake. Baba akaingia, akainua simu. Mshenga wao, mnene, mwenye sauti ya mnadani, akapiga kelele: "Mzee, unatupiga picha utupeleke polisi?" Watu wakacheka. Baba akajibu: "Nawapiga ili mkirudi kudai ng'ombe wenu, tujue sura zenu." Wakacheka zaidi. Nikapumua.

Alimkataa dume mwenye mguu mbovu. Watu wakaguna kwa heshima. Nikafikiri, imetosha. Yule ndiye wa makusudi. Nilijivunia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Kisha akaletwa mtamba mwekundu. Mnene, miguu imenyooka, ngozi inang'aa. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe kabisa, kama limemwagiwa maziwa. Aliyesimama barabarani angeliona. Najua kioo kilimwonyesha nini baba: mistari safi ya njano na neno NG'OMBE. Programu inachora umbo. Haijui jicho lililokufa. Na sisi, siku zote zile, hatukufanya mazoezi ya macho. Hata siku moja.

"Huyu mzuri," baba akasema. "Apite."

Hakuna aliyecheka. Mshenga alikuwa amekwisha kufungua kinywa kwa ajili ya utani, akakifunga. Nyuma yake kijana mmoja alikuwa tayari ameshika kamba ya mtamba mzima. Baba akasikia ule ukimya. Akaisogeza simu karibu, akaipapasa, kioo kikazima kwa joto. Akabaki ameiinua.

Masanja akaingia zizini. Nilimsubiri atukane. Hakutukana. Akamshika baba mkono, akamtoa nje hatua kwa hatua, kama anayemvusha mtoto barabara. Heri angetukana.

Mshenga akasema kwa upole kwamba mtamba mwingine yupo. Baba akajibu akiwa mlangoni: "Nimesema apite. Amepita."

Jumapili, 22 Juni
Minza ameniuliza tangu lini. Nimemwambia. Hajanisemesha tena.

Jumatano, 25 Juni
Masanja amehamisha ng'ombe. Alikuja na maneno mazuri, na baba akaitikia yote. Mtamba mwekundu amebaki. Masanja hamtaki.

Nimejaribu kuichukia simu. Nashindwa. Ilimpa mlango, kinu, masikio ya mbuzi. Mimi ndiye niliyeipeleka zizini.

Jumapili, 29 Juni
Minza aliondoka jana na wakwe zake. Alinikumbatia, kidogo.

Jioni baba ameniita uani. Alikuwa amesimama na mtamba, mkono begani mwake. Nikamletea simu. Akaisukuma taratibu.

"Jicho lipi?"

"La kushoto."

Akazunguka mpaka upande huo. Mtamba akashtuka, kisha akatulia.

"Nieleze alivyo. Wewe mwenyewe."

Nimeanza na pembe. Fupi, zimepinda ndani, moja nyeusi kwenye ncha. Nikaja kwenye masikio, kwenye paji. Nilipofika kwenye jicho nikanyamaza.

"Endelea," akasema.