Kuku Tuliyempeleka Kwenye Kanisa la Gengeni

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Jumamosi nilirudi Kilifi, kwenye lile kanisa la zamani lililojengwa juu ya genge, bahari ikipiga chini yake. Nilikwenda na Baba. Najua ungeuliza kwanza kama tulikula njiani. Tulikula. Sasa tulia nikusimulie, maana kuna jambo, na wale wenzako wa chama cha akina mama nao wanazeeka. Sitaki mmoja wao awahi kukufikishia habari huko uliko kabla yangu.

Wewe ndiye uliyetupeleka mara ya kwanza, mwaka ule chama chenu kilipokodi basi kwenda kuona bahari. Wenzako walibeba kofia na miavuli, wewe ukabeba kuku. Kuku mzima, mwekundu, miguu imefungwa, kichwa kikichungulia kutoka kwenye kiondo. Ulikuwa umesikia tunapelekwa kanisani, na kwetu Kathiani Jumapili watu huleta walichonacho, ndizi, mayai, miwa, vikapigwa mnada baada ya ibada. Mkono mtupu haulambwi, ulipenda kusema, na hukuona kwa nini Pwani kuwe tofauti.

Tulipofika, mlinzi wa pale, mzee mpole wa Kipwani, akatuambia, "Karibuni sana, ila ibada hapa ni mara moja kwa mwaka. Siku nyingine watu huja kutazama tu."

Basi zima likakugeukia wewe na kuku wako. Mimi nilikuwa msichana wa sekondari, nilitamani ardhi inimeze. Wewe ukamtazama yule mzee ukamuuliza, "Kwani hizo siku zingine Mungu huwa ako likizo?"

Na mnada ukafanyika, pale pale nje, kando ya ukuta wa mawe ya matumbawe. Baba akamnunua kuku, akamrudisha anadiwe tena kama ilivyo desturi. Mwenyekiti wenu akamnunua, naye akamrudisha. Watalii wawili waliokuwa wakipiga picha wakajiunga bila kuelewa wananunua nini. Kuku akauzwa mpaka akachoka, na mwishowe ukampa yule mzee mlinzi, na sadaka ikaingia kwenye sanduku la kulitunza jengo.

Kisha ukaenda ukingoni kutazama maji. Baba, anayeogopa hata ngazi ya kuchumia maparachichi, alisimama nyuma yako ameshika sweta yako kwa mikono miwili. "Mama Mwende, rudi." Ukamjibu bila kugeuka, "Wewe shika tu, mimi nitazame." Sijawahi kuwaona mkiwa na furaha kama siku ile, na ninyi mlikuwa watu wa furaha.

Tangu tukuzike, Baba ameishi na redio. Kila nikitoka kwangu Syokimau wikendi namkuta amepika muthokoi ambao haujaiva, mahindi yanagonga meno, naye anaapa ni mtamu. Kuhamia kwangu hataki kusikia. Kwa hiyo aliponipigia simu akasema anataka kuliona lile kanisa tena, nilifurahi, nikaomba ruhusa kazini. Nilipofika nyumbani kumchukua nikamkuta langoni amevaa koti la Jumapili, amebeba kuku.

"Baba, si unajua huko hakuna ibada?"

"Najua."

"Sasa kuku ni wa nini?"

"Ni wa mama yako. Wewe endesha gari."

Kuku akalalamika kiti cha nyuma mpaka Mtito. Baba alikuwa amefumba macho. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi nilidhani amesinzia.

Kanisani alimkabidhi mlinzi wa sasa yule kuku, akavua kofia, akaingia peke yake. Kutoka mlangoni nilimwona akinong'ona kwa muda mrefu. Alipotoka akaniambia. Kuna mama mmoja mjane anauza mitumba soko la Tala, anaitwa Mama Kyalo. Wanaelewana. Angependa wafunge ndoa, lakini hatafanya hivyo mimi nisipokubali.

"Nimeanza kwa mama yako," akasema, akionyesha ndani ya kanisa. "Kaburi liko nyumbani, lakini pale majirani wanasikia kila kitu."

Hapo ndipo nilipoelewa safari ya yule kuku. Kwetu mtu haendi kuomba ruhusa mikono mitupu.

Nilikasirika, Mwaitu. Nakwambia wazi. Niliona leso zako zilizobaki nyuma ya mlango wa chumbani, nikaona sufuria zako mikononi mwa mtu nisiyemjua. Nikatembea hadi ukingoni nikitafuta maneno ya kumkatalia, na nilikuwa nayo mengi. Umri wake. Watu watasemaje. Nilipogeuka niyaseme, nikamwona amesimama mbali kule, mikono haina pa kushika, akinisubiri. Baba ambaye maisha yake yote hakuwahi kuniomba kitu. Yale maneno yakaniishia.

Nikarudi nikamwambia nimekubali. Hakuridhika. Akauliza, "Na mama yako, unafikiri angesema nini?"

Ningeweza kusema sijui. Nikamwambia, "Angeuliza kama huyo mama ameambiwa vile wewe hukoroma."

Baba akacheka hadi akakaa kwenye nyasi, kisha kicheko kikageuka machozi, nami nikakaa kando yake tukalia pamoja. Tulipoinuka alikuwa mwepesi. Alitaka samaki.

Harusi ni baada ya mavuno. Mama Kyalo nimeshamtembelea. Ni mtu wa kucheka, na hawezi kukuacha uondoke bila chai. Sitamwita Mwaitu, naye amesema hatarajii. Chama chenu kimeshachukua mambo ya mapishi, hata hakikuombwa. Nimetulia, kweli nimetulia.

Ila nilimjibu Baba kwa niaba yako bila kukuuliza, na aliondoka pale akiamini ni wewe uliyesema. Kama nilikusingizia, utanigombeza tukionana. Lakini nimekusikiliza maisha yangu yote, Mwaitu, na sidhani nilikosea hata neno.

Pumzika vyema.

Kifungua mimba wako,
Mwende