Magunia Juu ya Samadari

Mjukuu wangu Mwanahawa,

Marahaba. Hapa Kinjumbi sote wazima, alhamdulillahi, ila babu yako magoti yanamuuma na dawa hataki.

Unaniuliza nani alilala kwenye kile kitanda chetu cha samadari ulichokiona makumbusho. Hakuna! Kila mtu ananiuliza hilohilo. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, mama aligoma kupanda lori mpaka kitanda chake cha harusi kipakiwe kwanza. Tulipofika hakikupita mlangoni, baba akabomoa ukuta wa udongo aliotangulia kuja kuukandika. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Nikajua walau tutakilalia. Thubutu! Mama akapanga juu yake magunia ya mbegu, sote tukalala mkekani.

"Mama, kitanda si cha kulalia?"

"Na njaa utailaza wapi?"

Mvua za kwanza zikaingia majumbani, mbegu za watu zikaoza sakafuni. Waliocheka wakaja na mabakuli. Mama akawapimia wote, huku kanuna.

Sasa nasikia wamekitandika shuka jeupe na kukizungushia kamba. Shuka! Waambie siku wakipandisha gunia la mtama, nitakuja kukitazama.

Bibi yako