Namba Moja ya Laela

Jumanne, Chanji

Mtu mmoja anawezaje kuwa na maswali ya namna ile? Programu yangu ya akili bandia, ambayo mkulima anaiuliza kwa sauti nayo inamjibu, ina mteja mmoja tu, namba moja ya simu kutoka mji mdogo wa Laela. Asubuhi kauliza wadudu wa mahindi. Mchana, nguruwe aliyegoma kula. Jioni, ulezi ulionyeshewa. Mimi naona maandishi tu, sauti siisikii.

Nikajua kuna mtu ananichezea. Na mimi bando nalipia kwa hela ya kutengeneza simu za watu, kaka ananisema kila siku niache...

Nikampigia.

"Shikamoo, mama. Napiga kuhusu ile programu ya kuuliza maswali ya kilimo."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wewe ndiye yule anayejibu?"

Ananunua mahindi ya wakulima. Watu wakisubiri kupimiwa, anaiweka simu juu ya magunia, anafungulia sauti yote, kila mtu anauliza lake. Nyuma yake niliwasikia wakibishana kuhusu dawa ya nguruwe.

"Ila wazee wanalalamika," akasema. "Wakiisalimia haiitikii, inawaambia waulize swali."

Hilo nitalirekebisha kesho.

Muda wote huu nahangaika kumtafuta mteja wa pili, kumbe yuko pale pale kwenye magunia, anasubiri zamu yake ya kuuliza kwenye simu ya mama.