Mwalimu Uliyenikataza Kumuua

Ma Stella,

Shikamoo. Nimeitamka kwa sauti hapa chumbani Kayanga, kisha nikanyamaza kama mjinga, nasubiri uitikie.

Tangu tukuzike kule Bweranyange, katuni zetu nazichora peke yangu. Kiti chako sijakitoa. Nikichora jambo la kuchekesha nageuka nikuoneshe, halafu nakumbuka.

Mchoro wangu wa kwanza wa mwalimu wa Mulungi, yule mtoto wa katuni yetu, ulikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na mkongojo, kila neno lake hekima. Nilidhani utanisifu. Wewe uliyefundisha chekechea mpaka ukastaafu ulimtazama, ukauliza, "Huyu hajawahi kukosea? Basi hajawahi kufundisha." Nikamfuta. Ndipo akazaliwa Bi Nyangoma, msusi wa vikapu, mwoga wa maji, msahaulifu, anayemwomba radhi mwanafunzi wake. Ukampa sauti yako, na kile kicheko kilichoishia kwenye kikohozi.

Tulidhani kikohozi ni cha kicheko, Ma. Tulidhani hivyo.

Baada ya matanga, wale wa Dar wanaonunua kipindi chetu cha katuni walinipigia simu. Walinipa pole, kisha wakasema Bi Nyangoma naye afe. Watazamaji watalia, Mulungi atabaki peke yake apate kukomaa, na shida ya sauti itakuwa imekwisha. Niliwahi kukupendekezea jambo hilohilo, ukanikasirikia: "Kwani mtoto hakui mpaka mwalimu wake afe?"

Lakini nilianza kumchora akifa. Nilitaka na mwingine afiwe, hata kama ni mtu wa kuchorwa. Nilipofika pale Mulungi anapomfunika shuka, mkono ukakataa.

Nikapanda bodaboda hadi kwako. Mumeo, Ta Rwiza, alikuwa anapalilia migomba. Nikamweleza yote. Akaegemea jembe.

"Mwanangu," akasema, "kila jioni mjukuu ananiwekea katuni yenu kwenye simu, namsikia mama yenu anacheka. Ukimuua na huyo, mimi nitazika tena."

Nikawapigia wale wa Dar nikawaambia hafi. Wakajibu nitafute sauti mwenyewe, na wasipoipenda kipindi kitaishia hapo.

Nimeitoa mimi, Ma. Haifanani na yako hata kidogo. Kwa hiyo nikamchora Bi Nyangoma ameugua, amepona, sauti yake imebadilika, naye anaona aibu kufungua kinywa mbele ya watu. Mulungi anakaa naye, anamfundisha kuimba upya, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Nilirekodi nikilia, na kilio nimekiacha humohumo.

Wameikubali. Nilimpelekea Ta Rwiza. Aliitazama mpaka mwisho, akafuta macho kwa kiganja, akasema, "Si yeye. Lakini yupo."

Sitakudanganya kwamba nimepata nguvu. Chumba bado ni kikubwa mno, na chakula cha mchana nakula nikitazama ukuta. Ila nakuahidi: Bi Nyangoma atazeeka, atanuna, atapotea njia ya kwake mwenyewe, na nitamsemea mpaka sauti yangu nayo ichoke. Na akija mtu kujifunza kwangu, sitamficha nisichokijua.

Lala salama, Ma.

Mwanafunzi wako,
Jovina