Mahali pa Monsieur nje ya kizimba

Siku ya kwanza, tarehe 1 septemba 2025

Bénita ametoka sasa hivi chini ya kitanda na utando wa buibui kwenye nywele. Akapangusa magoti kama bibi muzee, akaokota kiazi chake pale alipokiangusha, akaendelea kula. Hakulia. Hakunitazama.

Ni Monsieur, kasuku. Amepiga tena ile sauti — fiiiiii, ndefu, inashuka, halafu kimya kidogo, halafu pah! Bombe kamili. Alijifunza hiyo sauti januari, vita ilipoingia muji. Tangu pale anaipiga kila akichoka kukaa ndani ya kizimba. Na kila akiipiga, mutoto wangu anaingia chini ya kitanda.

Bénita naye tangu januari hasemi. Alikuwa anasema sana! Alikuwa anasalimia mpaka mbuzi za watu. Anaingia miaka ine sasa, na kimya. Sista wa dispensaire alisema tusimusukume, neno litarudi lenyewe. Nangoja.

Dative wa nyumba ya pili alikuwa anaanika nguo. Aliposikia fiiii akajitupa juu ya mawe ya volcan pamoja na beseni. Akainuka na povu mpaka kwenye masikio:

— Mama Bénita, huyu Monsieur wako atatuua na mabombe yenye hayako!

Parcelle nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, mudomo tu.

Siku ya pili, tarehe 2

Mama Ernestine alikuja. Ni yeye njo mwenye parcelle, mwenye kutupangisha sisi wote. Nilimupa kiti, akakataa.

Mutoto wake, Jean de Dieu, alitoka kuchota maji ile januari. Fiiii, pah. Hakufika hata kwenye robinet. Sisi wote hapa tunajua, hakuna mwenye kusema.

Leo amesema yeye mwenyewe. Kila ndege yako ikipiga ile filimbi, mama, mi natoka inje kumutafuta. Najua amekufa. Nilimuzika na hii mikono. Lakini miguu inatoka tu.

Nilipangusa kile kiti alichokataa.

Akasema mutoto wa dada yake, Birindwa, ana nganda kule Kituku, karibu na mitumbwi. Anataka kasuku ya kuchekesha wateja wake wa bière. Siku ya Mungu, kiisha misa, atakuya kumuchukua. Kama Monsieur amenyamaza kabla ya pale, basi, abakie. Kama hapana, aende. Ao mimi nihame.

Alisema polepole, bila hasira. Angekuwa na hasira ningejibu. Nilisema: Ndiyo, mama.

Na Monsieur si wangu! Ni wa Madame Micheline, nilikuwa namupikia kule Himbi. Siku mabombe yalipokaribia alivuka frontière ya inchi kwa miguu na mufuko mumoja, akaniachia kizimba mukononi. Wiki mbili tu, Mama Bénita. Sasa haandiki tena.

Aliniachia maneno mengi siku ile, nusu nimesahau. Avoka ni sumu kwake. Moshi ya mafuta ni sumu. Lakini moja nakumbuka vizuri: kasuku akikaa ndani kutwa nzima, kichwa kinaharibika, sawa mutu wa gereza. Lazima atoke. Apate mahali pa kupanda, pa kutafuna, pa kucheza. Kwa Madame alikuwa na véranda nzima. Kwangu ni chumba kimoja cha mbao. Niliogopa atapotea, nikamufunga. Tangu januari nimemufunga.

Labda ile filimbi ni ya kizimba. Akipata kazi atanyamaza. Nitajaribu kesho.

Siku ya tatu, tarehe 3

Nilimutengenezea mahali inje. Tawi la eucalyptus, nikalifunga juu ya ukuta wa mawe, nikaning'iniza gunzi la muhindi na pilipili tatu. Mabawa yake Madame aliyakata, haruki mbali. Nikafungua kizimba. Alitoka muguu mumoja, akasimama, akafikiri, akatoka wa pili.

Alipanda lile tawi. Akala pilipili zote tatu.

— Anakula pilipili kama mutu wa Bukavu! Dative alisema.

Bénita alikaa chini na kutazama juu. Mudomo wazi. Nilifurahi kidogo, ao nilikumbuka vile mutu anafurahi, sijui.

Halafu mwewe. Nilikuwa nimesahau mwewe! Hapa Ndosho ziko nyingi kama inzi, juu ya machinjio. Moja ilishuka, kivuli tu kikapita juu ya ukuta. Monsieur akalala tambarare kwenye tawi, manyoya yote yamejibana, na — fiiiiii. Pah. Fiiiiii. Pah. Hakuacha.

Bénita alikwisha kwenda. Kitandani, chini.

Mama Ernestine alitoka. Viatu hana. Alifika mpaka kwenye portail, akatazama barabara upande wa robinet, akarudi. Alipita karibu yangu.

Nimerudisha Monsieur ndani ya kizimba. Mimi ndiye nimeharibu.

Siku ya ine, tarehe 4

Leo ndani. Nilienda kwa Papa Zihindula, fundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia muzigo, pale barabarani. Nyuma ya atelier yake kuna chukudu moja iliyovunjika gurudumu, imebaki kichwa na ile mikono miwili ya kushikia. Nilimuomba kile kichwa. Akauliza cha nini. Nikasema cha ndege.

— Mama, hii imebeba makala ya kupikia toka Kibumba miaka na miaka. Imebeba viazi, imebeba mupaka maiti moja. Sasa itabeba ndege?

— Ndiyo, papa.

— Na permis ya kuendesha anayo?

Vijana wake wote wakacheka. Lakini alikata vizuri, akapiga musumari kwenye ubao ili isimame, akasugua mahali pa miguu na kipande cha chupa. Nikamuambia: usiache musumari inje, papa, atautafuna. Akarudia kuupiga, kichwa kikazama ndani ya muti. Akaniwekea na kipande cha ngozi ya kiatu, akasema hata yeye akiwa na mawazo anatafuna kitu.

Nimeiweka kwenye kona, mbali na bati, sababu mvua ikipiga bati anaogopa. Chini yake gunia la kupokea uchafu. Nimening'iniza ile ngozi, gunzi, na kifuniko cha bidon.

Monsieur alikaa pale tangu saa za kupika mboga mpaka jioni. Alitafuna ngozi mpaka ikawa nyuzi. Hakupiga hata moja! Niliporudi toka kwa maji nilimukuta anasema peke yake, chini chini, kama mutu wa kusali rozari. Akaniona, akanyamaza.

Élisée, bwana yangu, alipiga simu toka Butembo. Alienda na gari ya maharagwe kama convoyeur, mulinzi wa muzigo, kiisha barabara ikafungwa nyuma yake. Mupe mutoto, anasema kila mara. Ninamuwekea Bénita téléphone kwenye sikio. Bénita anapumua tu. Na baba yake anasikiliza ile pumzi mpaka unités za simu zinaisha. Njo mazungumzo yao.

Jioni nilimufunga Monsieur, giza linaingia. Palepale: fiiiiii.

Siku ya tano, tarehe 5

Sijui niandike namna gani.

Nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo. Monsieur juu ya chukudu yake. Bénita anachora na makala kwenye ubao wa ukuta. Inje kijana wa pikipiki akafunga breki kwa nguvu. Monsieur akapiga fiiii, pah. Bénita akaacha makala, akashuka chini ya kitanda.

Na halafu sauti ya mutoto:

— Kuya chini. Kuya, usiogope. Kuya chini.

Nilitazama mulango. Nikafikiri ni mutoto wa Dative. Mulango umefungwa.

— Kuya chini, Monsieur. Kuya.

Ni mudomo wa ndege. Lakini ile sauti ninaijua, ile ya kukwaruza kidogo, kama mwenye amekula vumbi. Niliizaa mimi. Haikuwa ya zamani pia, juu zamani Bénita alikuwa hajui kusema «usiogope» yote, alikuwa anaikata.

Basi anasema. Nikienda kwa maji, anasema. Akiingia chini ya kitanda anamuita ndege naye aingie, asikufe peke yake huku juu. Na ndege hawezi, amefungwa. Na anamuita tena. Siku ngapi hizo!

Niliinama. Macho yake yalikuwa kule kwenye giza, yananitazama kama mwenye ameshikwa na sukari mudomoni. Nilimupa ndizi.

Sikulia. Nilimaliza sombe, nikaitwanga, nikaipika. Iliungua chini kidogo.

Siku ya sita, ya posho, tarehe 6

Nimefikiri vile. Kama mutoto anamuita chini, basi mahali pa ndege pawe chini.

Nilitoa mabidon yote chini ya kitanda, nikafagia, nikapangusa. Nikafunga fimbo toka muguu wa kitanda mpaka muguu mwingine, urefu wa kiganja kutoka chini. Gunzi, pilipili, nyuzi za ngozi zilizobaki. Nikiwa nafunga kamba upande wa ukuta mukono haukufika. Mukono mudogo ukachukua ile kamba toka kwangu, ukaizungusha, ukanirudishia. Hatukutazamana. Niliendelea kufunga.

Kisha nikamuweka Monsieur kwenye sakafu. Alienda mwenyewe, na muguu, kifua mbele, kama mutu anaingia banki. Akapita chini ya kitanda. Bénita akamufuata.

Nilikaa kwenye kizingiti na mugongo wangu kwao. Sikusikia maneno. Ila nilisikia chini chini, zilikuwa sauti mbili, na moja haikuwa ya ndege. Ao zote zilikuwa za ndege? Sikugeuka.

Muchana kutwa hakuna filimbi. Nikaanza kuhesabu kama tumeshinda.

Jioni upepo ulipiga portail, bang! Na yeye — fiiiiii. Chini ya kitanda inasikika mbaya zaidi, kama inatoka ndani ya udongo.

Mama Ernestine alikuwa kwenye mulango wangu kabla nisimame. Amejifunga kitenge vibaya. Akafungua mudomo aniambie kitu. Na kule chini:

— Usiogope. Kuya chini.

— Nani huyo?

— Ni Bénita, mama.

— Bénita hasemi.

— Anasema na ndege. Ndege ananirudishia.

Mama Ernestine alikaa kwenye kitanda. Mara ya kwanza amekaa kwangu. Kitanda kikalia, na chini yake hawa wawili wakanyamaza kabisa. Alikaa hivi, mikono kwenye mapaja. Akaniambia Jean de Dieu pia, akiwa mudogo, alikuwa anazungumza na kuku tu, watu aliwanyima. Baba yake alimupiga juu ya hiyo. Mi nilimuacha apigwe, anasema. Nilifikiri inasaidia.

Nilisema: pole, mama.

Akainuka. Alishika fremu ya mulango. Birindwa nimekwisha kumuambia. Siku ya Mungu iko pale pale. Si juu yako, Mama Bénita. Mi siwezi tu. Leo tena nimefika kwenye portail.

Sikumukasirikia. Ningetaka.

Siku ya Mungu, tarehe 7

Tumetoka misa. Muhubiri alisema nini, sijui. Bénita alilala kwenye mugongo wangu.

Élisée niliongea naye asubuhi, mutandao ulikuwa muzuri. Nilimueleza yote. Kisha: alisema «usiogope»? Alisema yote? Rudia vile alisema. Nikarudia. Akasema tena rudia. Halafu akasema, hama. Tafuta popote, Mugunga, Kyeshero, hata kwa ndugu wa kanisa. Ni rahisi kusema ukiwa Butembo. Nyumba za watu zimejaa.

Birindwa amefika. Yuko kule kwa Mama Ernestine, amepewa chai, nasikia kicheko chake. Mutu mukubwa, mwenye roho nzuri, inaonekana. Alinisalimia: Mama, atakula vizuri kwangu, samaki, mikate, batu kibao ba kucheza naye! Muziki kutwa! Nikasema: vizuri, papa. Ameleta kizimba chake, kipya, kinang'aa. Hakuna mahali pa kutoka hata kidogo, mulango ni wa kupitisha mukono wa kuweka maji tu.

Sijamufunga Monsieur. Sijafunga vitu vyetu pia. Nimekaa hapa kwenye kizingiti na kalamu. Akimaliza ile chai atakuja, na lazima nimuambie neno, moja ao lingine. Ningetaka kuwa na moyo unapiga. Unapiga kawaida tu.

Nikimupa, Mama Ernestine atalala. Ana haki ya kulala. Nikimunyima, sisi watatu na kichwa cha chukudu tutakuwa barabarani, na mvua za septemba njo zinaanza. Lakini mutoto ataongea na nani? Na mimi? Mimi hajaniita. Tangu januari —

«Mama!»

Ni Monsieur. Amelijua hili tangu jana, analirudia sawa na lile lingine. Siinuki kila mara.

Chai inaisha, nasikia kikombe. Nitamuambia Birindwa kwamba huyu ndege ana mwenyewe, na mwenyewe ni Madame Micheline, na mimi ni mulinzi tu, siwezi kutoa kitu cha mutu. Ni kweli. Kisha nitaenda kwa Mama Ernestine kupiga magoti, anipe mpaka nipate

«Mama!»

mpaka nipate chumba. Ndege huyu naye! Sasa anakohoa pia. Mama Ernestine anaita huko kwake, Mama Bénita, tunakuya! Nimemujibu, karibuni. Nitasimama wakifika kwenye

«Mama, kuya! Monsieur ameingia mu unga! Iko mweupe yote! Mama!»

Hilo la unga nani alimufundisha? Unga nimeufungua leo tu, si nde