Kabari za Shemeji Makame

Jumanne, baada ya Isha.

Gari imetulia. Mimi bado.

Tangu Makame, kaka wa mke wangu, aninyanyulie gari yangu juu ili isikwangue mawe ya Jambiani, ikishika kasi ilikuwa inatetema mpaka meno yanagongana. Nikimuuliza, jibu moja: "Barabara hiyo, shemeji." Nikashuku kanibadilishia propela, ule mtaimbo wa chini unaozungusha magurudumu ya nyuma, kanipa kuukuu.

Leo nimekwenda gereji kwake Mbweni bila kumwambia, nikajilaza uvunguni mwa gari kukagua.

"Unatafuta nini huko, shemeji?"

"Propela yangu."

Akajilaza kando yangu. Kisha akanionesha: propela ni ile ile, ila gari ilipopanda juu, yenyewe imelala mshazari mno, ndiyo inayotetemesha. Akatoa kabari mbili za chuma, akazipachika baina ya springi na ekseli kupunguza ule mshazari. Tukajaribu barabarani. Haikutetema hata kidogo.

Lakini zile kabari zilikuwa tayari, zimeshakatwa kwa kipimo cha gari yangu!

"Kumbe ulijua?"

"Nliona haya kukwambia nimekosea."

Haya! Na dada yake mjamzito nampeleka kliniki kwa gari ile ile.

Nimemsamehe, nadhani. Ila kabla mke wangu hajapanda tena, kila nati nitaikaza mwenyewe.