Vidole Gumba vya Mjomba Masoud

Kigombe
Jumanne, 5 Novemba 2024

Dada Hasina,

Wamemchukua Zebedayo. Wamemtia pingu mbele ya mkewe, wakampandisha gari, wamekwenda naye Muheza, na watu wa matangani wakatoka kumzomea. Mie sikuzomea. Nilikuwa nyuma ya jiko nafua nazi za wali wa hitima.

Shikamoo dada. Nisamehe, salamu nimezirukia. Hujambo, shemeji hajambo, watoto wanaendeleaje? Siye huku mwili mzima, moyo ndio sijui. Naandika kwa mkono kwa sababu simu yangu askari wamekaa nayo tangu Jumamosi, kwa kuwa ndimi wa kwanza kumkuta marehemu. Simu ya Mjomba Mudathir siwezi kuisemea, anaweka sauti ya nje na yeye mwenyewe kakaa pale pale. Hili sitaki alisikie mtu. Darasa langu unalijua ni la nne, basi soma pole pole.

Wanasema Zebedayo ndiye kamuua Mjomba Masoud. Panga lake limekutwa na damu, na wiki ile Mjomba alimgombeza, eti mlinzi gani wewe, nazi zinaibiwa umelala. Zebedayo kasema ile damu ya kuku. Wakamwuliza manyoya yako wapi. Hana.

Sasa sikiliza. Nilipomkuta Mjomba kule shambani, hakuwa ameanguka ovyo. Alilazwa. Ubavu wa kulia, uso kibla, macho yamefumbwa. Na vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja kwa kitambaa, kama tunavyowafunga maiti wetu siye. Nikakimbia kuita watu. Tuliporudi, Mjomba Mudathir keshafika, kapakata kichwa cha nduguye, analia. Kasema ametoka mjini na basi la kwanza, akashukia njia ya shamba. Na kitambaa hakipo tena miguuni.

Askari aliponiuliza umeona nini, nikasema nimeona maiti. Basi. Unanijua nikitazamwa na watu ulimi unakufa.

Dada, Zebedayo ni Mlutheri. Kufunga vidole atajulia wapi? Au mie niliota?

Mdogo wako,
Sabiri


Ngamiani
Alhamisi, 7 Novemba 2024

Sabiri mdogo wangu,

Marahaba baba. Siye hatujambo, ila mtoto ana mafua na mimi kichwa kinanigonga tangu mazikoni. Barua kaniletea Yona, yule konda wa basi la Pangani, mpaka kibarazani, akakaa akadai na chai. Siku hizi unaandika barua kama mchumba wa zamani!

Nimeisoma, nikafunga mlango, nikaisoma tena. Haya nikujibu.

Kwanza, wewe na hofu ni pacha. Si wewe uliyeona shetani kisimani, tukaenda na marungu, akatoka mbuzi wa jirani? Umekuta maiti ya mjomba wako peke yako, jua ndio linatoka. Macho yangeona lolote.

Pili, tuseme ulikiona hicho kitambaa. Zebedayo kaishi na siye tangu kaja kutoka Lushoto kijana. Misiba yetu mingapi kaingia? Mtu akitaka kutupoteza, si atafanya hivyo hivyo, ili tuseme aliyeua ni Mwislamu mwenzetu? Na mtu mwenye kweli hadanganyi habari ya kuku. Mimi kuku ndiye anayenitia shaka kuliko panga.

Usihangaike na mawazo peke yako. Mwambie Mjomba Mudathir, yeye ndiye mkubwa wetu. Wengine usiwaambie.

Na chakula ule. Najua huli.

Dada yako,
Hasina


Kigombe
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo. Mafua ya mtoto vipi, mpake mafuta ya nazi kifuani, ninakutumia chupa kwa Yona.

Nimekwenda kumwambia Mjomba Mudathir kama ulivyosema. Nikafika mlangoni kwake, akainua uso, akaniuliza, "Unataka nini mwanangu?" Nikasema chumvi. Akanipa chumvi. Nikarudi chumbani na chumvi yangu nikakaa nayo.

Habari ya kuku nimeijua. Kristina mke wa Zebedayo kanifuata kisimani, hakuna mtu mwingine anayesema naye. Kaniambia, "Kaka Sabiri, hakukuwa na kuku. Ni nguruwe pori. Alikuwa anamaliza mihogo, mume wangu akamkata, tukampika mlango umefungwa. Kwenye shamba lenu! Angesemaje mbele yenu?" Kanipeleka nyuma ya nyumba, kafukua kwa kijiti, nimeyaona manywele na kwato kwa macho yangu. Sasa Zebedayo kawaambia askari ukweli, wanamwambia jana kuku, leo nguruwe, kesho utasema tembo. Kristina kachimba peke yake analia na mtoto mgongoni, na siye kina Masoud hatumpi hata maji ya kunywa.

La pili, mie ndiye niliyeshika maji siku ya kumwosha marehemu. Kisogoni pamebonyea. Hapakukatwa. Panga linabonyeza? Nilitaka kupatazama vizuri, Mjomba Mudathir akasema, "Kichwa niachie mimi."

La tatu, Zebedayo kwenye misiba anakaa nje, kwenye mikeka na wanaume. Chumbani kwa maiti haingii. Vidole anafunga anayeingia.

Na kuna hili, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Lile fundo halikukazwa. Kidole changu kingepita katikati. Baba alipokufa, Mjomba Mudathir alinishika mkono akanionyesha: usikaze mwanangu, asiumie. Waosha wengine wanakaza. Yeye hakazi.

Sitaki kuandika zaidi. Umeelewa.

Sabiri mdogo wako


Ngamiani
Jumapili, 10 Novemba 2024

Sabiri,

Salamu nitakupa nikipoa.

Unajua unachokiandika wewe? Mjomba Mudathir! Baba alipokufa nani alitulisha? Daftari zako nani alinunua, hata kama ulizichana ukakimbilia kuangua nazi? Nani alisimama kwenye ndoa yangu? Mtu huyo anaosha maiti za kijiji kizima bila ujira, leo wewe unampima kwa fundo!

Na fundo lisilokazwa, je, si fundo la mtu aliyefunga kwa haraka?

Haya, tuseme ni yeye aliyefunga. Kashuka basi alfajiri, kamkuta nduguye, kamfanyia yanayompasa, kisha kasikia kelele zenu, akaogopa kuonekana kagusa, akafungua. Hiyo ni kesi? Huo ni uchungu.

Isitoshe hakuwa huko. Usiku ule alilala kwangu, hapa Ngamiani. Askari wamenipigia wameniuliza, nimewajibu. Limekwisha.

Mafuta yamefika, mtoto anapumua vizuri. Ahsante. Sasa acha.

Dadako


Kigombe
Jumatano, 13 Novemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Usinikasirikie. Uliposema alilala kwako nilifurahi mpaka nikala ubwabwa sahani nzima. Nikalala.

Ila jana mchana nimemkuta barazani anashona. Yeye mwenyewe, na sindano. Mkewe kamwambia, "Lete nikushonee, unajichoma," akamwambia niache. Anashona kile kikoi chake cha kijani. Upande mmoja hauna matamvua, umechanwa utepe mzima, ndio anaukunja asionekane. Dada, kitambaa nilichokiona miguuni kwa marehemu kilikuwa kijani, kina matamvua meupe pembeni. Sikukuandikia rangi mwanzo kwa sababu niliogopa ningekuwa nimeibuni mie.

Na nimekumbuka ugomvi. Ijumaa ile baada ya sala walikuwa ukumbini, kuta zetu hazifiki juu, nilisikia. Mjomba Masoud anasema Jumamosi mwekezaji anakuja kutia saini, kipande cha pwani kinauzwa. Mjomba Mudathir hakupiga kelele. Alisema, "Na Mama je? Kaburi lake utamwuzia nani?" Mjomba Masoud akacheka, akasema wafu hawadai. Jioni Mjomba Mudathir akaaga, akasema anakwenda mjini.

Basi niambie kitu kidogo tu, nitulie. Alipolala kwako alivaa nini? Alikunywa chai na nini? Alitoka saa ngapi? Wanasema Jumatatu ya tarehe ishirini na tano Zebedayo anasomewa shtaka la kuua. Nijibu upesi.

Mdogo wako


Kigombe
Jumatatu, 18 Novemba 2024

Dada, shikamoo.

Hujanijibu. Yona kila siku nikimwuliza anatikisa kichwa.

Leo tukila, Mjomba kaniambia, "Yona anasema siku hizi umekuwa mwandishi. Dadako unamwandikia nini?"

Nikasema, "Salamu."

"Mbona salamu nene? Bahasha haifungi!"

Watu wote wakacheka, na mie nikacheka. Yeye hakucheka, alikuwa ananichagulia mnofu wa samaki, anautoa miiba, ananiwekea sahanini kama nilivyokuwa mtoto. Kisha akasema, "Jumamosi twende shambani, wewe na mie tu. Kuna nazi za kuangua, na nina maneno na wewe."

Nimesema ndiyo. Ningesemaje?

Andika dada. Hata mstari mmoja. Usimpe Yona.

Sabiri


Ngamiani
Jumatano, 20 Novemba 2024

Sabiri mdogo wangu, roho yangu,

U mzima? Uwe mzima. Barua hii nimempa Kristina mkononi, alipita kwangu akitoka kumwona mumewe Muheza. Nimemkalisha ndani, nimempa chakula. Sikuweza kumtazama.

Hakulala kwangu.

Maswali yako yale ya chai na nguo nimekaa nayo wiki nzima, kila nikishika kalamu sina la kuandika, kwa sababu hakuja. Alinipigia simu alfajiri ya Jumamosi, giza bado, hata adhana haijatoka. Akasema, "Hasina mwanangu, mtu yeyote akikuuliza, usiku huu nimelala kwako." Mimi nikadhani ana mwanamke mjini. Nikacheka! Nikamwambia, Mjomba, na mvi zote hizo? Akakata simu. Mchana nikaletewa habari ya msiba, nikalia kama wote. Askari waliponipigia nikasema alilala, nikiona ninamfichia aibu yake kwa mkewe. Wallahi sikuunganisha. Au niliunganisha nikakataa, sijui.

Wewe ulimkuta marehemu jua linatoka. Yeye alinipigia kabla ya adhana. Alikuwa anajikinga na nini wakati hakuna hata mtu aliyejua kuna maiti?

Nilikuita mwoga. Mwoga nilikuwa mimi.

Shemeji yako anasema nikibadilisha maneno polisi wanaweza kuniweka ndani. Waniweke. Ijumaa nakwenda Muheza kituoni, nitakungoja nje pale mpaka ufike. Maneno yangu bila yako hayatoshi, watasema mwanamke kagombana na mjomba wake. Wewe ndiye uliyeviona vidole. Najua kusema mbele za watu ni adhabu kwako. Nitakushika mkono, utaniambia mimi, wao wasikilize.

Jumamosi usiende shambani. Nakuomba kwa jina la mama.

Dada yako


Kigombe
Ijumaa, 22 Novemba 2024

Dada Hasina,

Shikamoo. Watu wako msikitini, naandika nimesimama. Nimesema tumbo linanikata. Mjomba alinishika paji la uso kabla hajatoka, akasema, "Huna homa." Akanitazama. Kisha akaenda.

Barua hii naipitisha kwa Kristina, basi lake la mjini linapita sasa hivi, atakuachia kwako au atakukuta Muheza. Mie basi silipandi, kituo kiko mbele ya msikiti na Yona ana mdomo. Nakwenda kwa baiskeli, njia ya mkongeni. Nikichelewa usirudi nyumbani, ningoje.

Jana nilikuwa nyuma ya choo nalia, nikadhani nimejificha. Akanikuta. Hakuniuliza nalia nini. Alichuchumaa, akakamata pindo la kikoi akanifuta uso, pindo lile lile alilolishona, nimeusikia uzi unanikwaruza shavuni. Akasema, "Mjomba wako Masoud nilimbeba mgongoni akiwa mdogo." Basi. Dada, angenipiga ningeogopa kidogo. Yeye alijua namwogopa, akaendelea kunifuta.

Ninampenda. Uliandike hilo kichwani mwako, kwa sababu nikifika kule sitaweza kulisema. Sidhani alikusudia. Nadhani alimpiga, akaona kafa, mikono yake ikafanya inachokijua. Kama angemwacha kama mnyama mie nisingejua lolote, na Zebedayo angekwenda na maji. Lakini hakuweza kumwacha nduguye miguu imeachana.

Na Zebedayo naye ana mtu anayemlilia. Kristina kaniambia mtoto wao mkubwa anasimama njiani kila gari likipita.

Kikoi kilikuwa kwenye kamba, kimefuliwa asubuhi. Nimekichukua. Nimekifunga tumboni chini ya shati, bado kibichi, kinanipa baridi. Mahali pake nilitaka kuanika shuka langu, nikaona nitajidanganya bure, kila Ijumaa akirudi anavua kanzu anafuata kikoi. Kamba itakuwa tupu na mie sipo. Atajua hapo hapo, na pikipiki ya jirani iko barazani.

Imamu keshashuka mimbarini, nasikia kwa spika. Sasa Alhamdu. Mpaka watoe salamu nataka niwe nimeupita mkonge wa kwanza.

Wamerukuu. Naondoka dada, lazima niondoke sasa, rakaa ni mbili tu.

Mdogo wako,
Sabiri